Mjukuu wa Jiwe

Fundi Kabulo alisema: lala, usitikisike,
hata pua ikikuwasha, vumilia.
Kamera, pana kama mlango wa tanuri,
ikanikaribia bila kunigusa.

Sindano yenyewe ilikuwa ndogo.
Nikauliza, ni nini hiki?
Akasema, ukoo wake unatoka kwenye jiwe.

Nikanyamaza.
Babu Monga alibeba jiwe la njano kwa gunia,
mikono mitupu, enzi za Wabelgiji,
akarudi Katuba kukohoa miaka tisa
na hakuna aliyempiga picha.
Leo mjukuu wa jiwe yumo mshipani mwangu,
anabisha hodi figo kwa figo.

Kwenye kioo, ya kulia ilijaa nuru,
nzima, kama haragwe lililolala majini.
Ya kushoto (Kabulo alinyoosha kalamu)
imemegwa pembeni kama bukari
ulioguswa na mtu asiyenawa.
"Pasipong'aa," alisema, "ndipo panapouma."

Kumbe. Na homa zote zile
nilizozimeza na vidonge vya malaria,
vya kukopa.

Kunywa maji mengi, akaagiza. Dawa wiki mbili, usikatishe.
Na mtoto usimpakate hadi kesho.

Usiku umeme ukakatika Lubumbashi, mtaa wetu wote.
Nimekaa peke yangu kando ya gunia la makala.
Mujinga ananiita toka ng'ambo ya ua:
"Mama, unawaka?"
"Nawaka."
"Mbona sikuoni?"