Mtihani wa Supu

Daktari Wyrwicz hakunigombeza. Aligeuza kioo cha kompyuta
nione mwenyewe: sukari, mafuta, kilo mia moja na tatu.
"Polepole, Bi Bogumiła. Nusu kilo kwa wiki yatosha.
Usikonde kama aliyefiwa."
Akasema simu yaweza kunipangia mlo.
Simu! Hii niliyozoea kuilaani alfajiri.

Mimi ni dereva wa tramu, mjini Łódź.
Saa tisa na dakika arobaini usiku
nimeshafika bohari, nakung'uta theluji viatuni.
Nalala na kuku, naamka kabla ya jogoo,
na kifungua kinywa changu
ni mkate unaoliwa kati ya vituo viwili,
taa ikiwa nyekundu.

Jumapili nikapakua programu nne.

Ya kwanza iliniuliza nataka kuwa nani
ifikapo majira ya joto.
Nikasema: Bogumiła yuleyule,
ila wa kupanda hadi ghorofa ya nne
bila kusimama ya tatu
kujifanya natafuta funguo.
Jibu hilo halikuwa na kisanduku chake.

Nyingine ilinipa parachichi asubuhi, parachichi jioni,
na samaki wa bei ya kuruka.
Mshahara wangu ungekonda kabla yangu.

Ile ya Zdzisław, mwenzangu wa zamu
(alipungua kilo kumi na mbili kwa mwezi,
akazirudisha zote, na riba),
ilikuwa na adabu ya mdai.
Nilikula yai la pili;
ikaniletea uso mwekundu unaolia.
Nimelea watoto watatu. Kilio cha namna hiyo nakijua,
hakina machozi.
Nikaifuta yai likiwa bado mdomoni.

Zote nilizipa mtihani mmoja:
supu ya mama.
Unga uliochachuka siku tano
kwenye mtungi wa kioo, juu ya kipasha joto,
kitunguu saumu, soseji nyeupe, yai la kuchemsha.
Moja ikajibu: uji.
Moja: supu ya uyoga, ya pakiti.
Ya Zdzisław ilisema tu: Epuka.

Ya nne ilizungusha kiduara chake, ikazungusha,
kisha ikaandika:
*Chakula hiki sikijui. Utanifundisha?*

Kuuliza si ujinga. Nikavuta kiti.

Lakini mama alipima kwa kiganja,
na kiganja chake hakipo tena.
Nikakunja changu, nikakijaza unga,
nikaumimina kwenye mizani: gramu arobaini na mbili.
Nikarudia, nimefumba macho.
Arobaini na mbili.
Nilikaa kidogo hapo jikoni, mkono mweupe,
bila la kufanya.

Ikauliza nala saa ngapi. Nikasema saa kumi usiku.
Haikushtuka.
Ikapunguza soseji nusu, ikaongeza kabichi,
yai ikaliacha.
Ada yake kwa mwezi ni ndogo
kuliko maandazi ya jamu niliyokuwa nanunua
kwenye kituo cha mwisho, kila zamu,
na kuyala nimegeukia ukuta.

Sitaki kuisifu kupita kiasi. Ni simu.
Wiki ya tano sikupungua hata gramu,
ikaniuliza kama nalala vizuri,
nikaitupa kwenye kochi.
Ya sita, ndugu zangu walikuja na keki ya jibini
na sikuandika kitu. Haikuandika kitu nayo.
Jumatatu ikaniuliza kama kabichi imebaki.

Kilo tatu, tangu vuli. Daktari ametabasamu.

Jana nilisimama tena ghorofa ya tatu,
nikapapasa mfuko wa kulia, wa kushoto.
Jirani Pani Gizela akafungua mlango kidogo,
akanitazama kwa huruma yake ya siku zote.
"Pumzika, mama, pumzika."
Lakini safari hii funguo nilikuwa nimezisahau kweli,
kwenye tramu.

Nikashuka.
Nikapanda tena.