Kuosha Safari Kinyumenyume

Mihayo kaliegesha pale Kiloleni, nyuma ya stoo ya asali,
akashukia mlango wa abiria, maana wa kwake umegoma,
akasema, "Kalekwa, leo liwe kioo.
Jumatatu linabeba wageni."

Nikalizunguka kwanza, kama mnunuzi wa ng'ombe.
Landikruza la mkaguzi wa barabara, lile la mkonga,
siku tisa halijaonekana mjini.
Weupe wake naujua kwa kukumbuka tu.
Kwenye kibao cha namba imebaki saba moja,
imechuchumaa ndani ya tope kama kuku juu ya mayai.

Watu hudhani tope ni tope.
Njooni mshike brashi.

La juu kabisa ni jekundu, la Sikonge, la jana alasiri;
hilo hutiririka lenyewe ukilionyesha maji.
Chini yake kijivu, kichanga cha msituni,
kina ganda la mninga, duara, na nyuki mmoja
aliyekufa amekunja miguu kwa adabu.
Na chini ya hicho, ndani ya madigadi,
jeusi.
Jeusi la mbugani, lisilojua sabuni wala salamu.
Hilo halioshwi, linang'olewa.
Naligonga kwa kipande cha nondo, linadondoka mabonge,
kila bonge limeshika alama ya tairi
kama mkate ulioumwa.

Ndiyo kazi yangu: naosha safari kinyumenyume.
Naanzia walikofikia, naishia walikokwama.

Na walikwama. Sihitaji kuambiwa.
Kamba ya winchi ina magome ya mti,
bampa limepinda kushoto,
na juu ya boneti kuna viganja vya watu, vimekaukia.
Nahesabu kumi na vinne.
Viwili ni vidogo, viko chini kabisa, karibu na taa.
Naye alisukuma.

"Mlilala huko?"
Mihayo anatafuna muhogo. "Mara mbili.
Daraja halipo. Kuna magogo matatu
na mama mmoja anayejua ukanyage lipi."

Nikasita, bomba la presha mkononi.
"Na mkaguzi kaandika nini?"
"Kaandika yote."
"Wageni watasoma?"
Akatema uzi wa muhogo.
"Wageni wataona gari."

Gari.

Basi nikalipuliza. Ningefanyaje?
Pampu ni ya mkopo, Nyamizi anadai madaftari.
Viganja vikaenda kimoja kimoja,
vile viwili vya mwisho nikavifuta kwa kitambaa,
taratibu, kama uso wa mtu.
Nikapaka polishi, nikasugua hadi bega likalalamika,
matairi nikayapa weusi wa dukani,
na jua la saa tisa likajiangalia kwenye boneti
likajiona zuri.

Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo, akapiga mluzi:
"Kumbe njia ya huko siku hizi safi!"

Sikumjibu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema;
hii ina kilomita mia na arobaini
na aliyeifuta ni mimi.

Nilikuwa nimelala chali chini ya difu,
pasipofika jicho la mgeni.
Juu ya springi, bonge moja jeusi lilinipita macho.
Limeota.
Majani mawili, membamba kama sindano ya kushonea magunia:
mpunga.
Punje ya shamba la mtu,
imepanda gari bila nauli, ikaamkia safarini.

Nikaitoa kwa kisu, na tope lake lote,
nikaiweka kwenye kopo la oili nililolikata shingo.
"Hilo nalo la nini?" akauliza Mihayo.
"Hiyo ni ripoti."
Akacheka, akalipa elfu kumi na mbili,
akarudi kudai chenji.

Jumatatu likapita jeupe, vioo vimefungwa,
wageni wanne wamenyooka kama chupa kwenye kreti.
Likashika njia ya Sikonge.
Upande ule wingu lilikuwa limeinama.

Nikalimwagilia kopo.
Nikalowesha brashi.