Chuma Cheusi

Juni, Kibaigwa. Nyuzi kumi na nne asubuhi,
upepo wa vilima vya Kongwa unapekua sweta.
Masinjisa anachambua springi za lori
lililopinduka mteremko wa Gairo,
anatafuta ile itakayokubali kuwa jembe.

Mvukuto unakoroma. Nimekalia debe,
daftari la fizikia magotini, mtihani Jumatatu.
Kila kitu kinanururisha, nasoma kwa sauti,
hata donge la barafu, hata debe hili,
hata wewe, mjomba, na kofia yako ya mtumba.
Lakini halijoto, ukiihesabu tangu sifuri halisi,
inapanda kwa kipeo cha nne:
iongeze maradufu,
mnururisho unakuwa mara kumi na sita.

"Kumi na sita za nani?" anacheka.
"Nipe hesabu inayoshikika."

Basi tunahesabu, mkaa juu ya bati.
Asubuhi hii: kelvini mia mbili themanini na saba.
Maradufu: mia tano sabini na nne.
Katika nyuzi za mtangazaji wa hali ya hewa,
mia tatu na moja.
Na chuma hicho kina rangi gani?

Hakina. Ni cheusi vilevile kilivyoletwa.

Hapo hacheki tena.
Anaweka koleo chini, anafungua kiganja:
kovu limenyooka kama reli
kutoka shina la kidole gumba hadi kifundo.
"Chekundu ningekikimbia.
Chekundu kinapiga hodi kikiwa mbali.
Hiki kilikaa juu ya fuawe, kimya,
kama mgeni mwenye adabu."

Tunazidisha tena. Elfu moja mia moja arobaini na nane:
mara mia mbili hamsini na sita ya asubuhi,
na sasa ndiyo springi inawaka
wekundu wa taa za nyuma za lori usiku.
Hata hivyo, kitabu kinasema,
jicho linapewa pindo tu.
Nguo yenyewe imebaki gizani,
na shavu ndilo linaloivaa.

"Hilo la shavu," anasema, "ungeniuliza."

Jembe limepigwa, limepoa, limerudi kuwa jeusi.
Natoa mkono, mgongo wake kwanza,
shubiri moja juu yake, bila kugusa.

Mteja amesimama mlangoni, anataka bei.
"Ngoja," namwambia. "Bado linasema."