Mnong'onezi

Kazi yangu ilikuwa kukaa gizani
nyuma ya pazia la mashuka ya hospitali,
kurunzi mkononi, kidole mstarini,
nimpe neno kila atakayesahau.

Shekuwe ndiye mfalme. Kakangu.
Mchana hutengeneza pampu za maji pale Langoni,
na wiki ya kwanza ya mazoezi ufalme aliufanya vivyo hivyo:
anakaza nati, anafoka, anapangusa mikono.
Tendo la kwanza aliamuru lango la mji lizibwe,
na sauti ilimtoka juu, kooni,
mahali watu wanapotolea amri wasizozifikiri.

Sikujua kwamba mtu huweza kushuka ngazi
ndani ya koo lake mwenyewe.
Tendo la tatu, sauti imefika kifuani.
La nne, aliacha kuutazama mji wake wa maboksi,
akawa anatazama viganja.
Nami nafuata kwa kidole.

Usiku wa onyesho: ukumbi wa shule, joto, feni moja.
Safu ya tatu, karibu na mlango wa kutokea,
Bwanadi. Kakangu wa pili.
Miaka tisa hawajasemezana
kwa ajili ya wikio, chumba kile kimoja
kilichovuka kichochoro toka nyumba hadi nyumba,
tulimolala sote watatu utotoni
tukisikia punda wakipita chini ya migongo yetu.
Aliletwa fundi Kale, mlango wa upande mmoja
ukajazwa mawe, ukapigwa lipu.
Ukigonga, haujibu.

Tendo la tano. Mfalme akapiga magoti:

*Lango mimi nimeziba, kwa chokaa na kwa mawe,*
*Walionionya, "Toba!", nikasema wazomewe,*
*Mwana alilia, "Baba!", nami nikadhani mwewe,*

Akanyamaza.

Ulibaki mstari mmoja. Nilikuwa nao chini ya kidole.
Taji la bati lilimteremka hadi kwenye nyusi,
asilipandishe. Alikuwa amemwona.
Watu walidhani ni ufundi wa mchezo.

Nikafungua mdomo ninong'one, kazi yangu,
na hapo ndipo nilipoijua ile sauti.
Ileile. Ya chini, ya upole,
niliyokuwa naipeleka pamoja na uji wa asubuhi
katika nyumba zote mbili:
Bwanadi, nasikia Shekuwe anapima ukuta usiku.
Shekuwe, usiseme nimekwambia mimi.
Hakuna aliyenituma. Wala sikuwachukia.
Nilipenda tu jinsi kila mmoja
alivyokuwa akiinama kunisikiliza.

Kurunzi ikanianguka. Mstari nikausema, si kwa kunong'ona,
ukumbi mzima ukamsikia mwanamke asiyeonekana:

*Mzigo huu nabeba, sina wa kumwita "wewe."*

Makofi. Mwalimu Twalibu alinishika bega baadaye,
akasema wazo langu lilikuwa zuri,
turudie hivyohivyo Jumamosi.

Asubuhi nilipika uji kama kawaida.
Nimesimama kichochoroni chini ya wikio,
bakuli mbili, moja kila mkono, zinaniunguza.
Mlango huu. Mlango ule.
Punda wa mchanga anataka kupita, mwenyewe anapiga kelele,
"Simile, mama, simile,"
nami hodi bado haijanitoka.