Karatasi Ndani ya Gunia

Mimi ni karani wa mizani, soko la Kibaigwa,
na haya ninayoandika hayana mizani wala vina.
Mniwie radhi. Kutwa nzima napima kilo;
usiku sitaki tena kupima kitu.

Ilianza mwaka ule uwele ulipokauka
ukiwa haujafika goti.
Nilikuwa na stakabadhi iliyokosewa, nyuma nyeupe,
na kalamu ya ofisi, ile isiyoandika mpaka uigonge mezani.
Nikaandika:
Mvua ikinyesha nitamsamehe baba.
Chini yake namba ya simu.
Nikaichomeka kwenye mahindi, kina cha kiganja,
kabla Ndahani hajashona mdomo wa gunia
kwa sindano yake ndefu na uzi wa buluu.
Gunia likapanda lori, lori likaenda zake.

Sikumwambia mtu. Ungemwambia nini mtu?

Miezi saba, kimya.
Nikaendelea, gunia moja kwa wiki, wakati mwingine mawili:
upepo wa Julai uliokwapua kofia ya mnunuzi
ukaipeleka mpaka reli ya mizigo ya ng'ombe iliyokufa;
Yoeli, kuli, anayehesabu kwa Kigogo
akifika mia anaanza upya kwa aibu;
mlenda wangu ulioungua nikisoma gazeti
lililofungiwa sukari, nusu ya habari,
mpaka leo sijui yule mtu alihukumiwa au aliachiwa.

Wa kwanza kujibu alijibu kwa hasira.
"Dada, nilinunua mahindi, sikununua barua.
Kilo zangu zitoe karatasi."
Nilicheka hadi nikakaa chini.
Nikamjibu: karatasi haikuhesabiwa, pokea pole.
(Na gunia lenyewe lilikuwa lumbesa.
Alijua. Nami najua.)

Wa pili alikuja kwa miguu yake, mkulima wa Haneti,
mkononi ile ile stakabadhi, imekunjwa mara nne.
Mwanawe amechora mbuzi upande uliobaki.
Miguu mitano.
"Amesema nikwambie, wa tano ni mkia."
Nimeibandika juu ya mizani.
Wakaguzi wakija, huanza kumkagua mbuzi.

Halafu Agosti hii, saa tatu usiku, ujumbe kutoka Newala.
Mpishi wa shule. Gunia limelala ghalani miaka miwili.
"Fukusi wamekula neno la mwisho.
Mvua ikinyesha utamsamehe nani?
Huku imenyesha tangu juzi, wala si msimu wake.
Nimejaza jina la dada yangu, nikampigia.
Tumeongea mpaka salio likakata.
Lakini la kwako ni lipi? Sina haraka."

Nikaketi na ile simu.
Nikaandika b, nikafuta.
Nikaandika baba, herufi nne,
mimi ninayesoma mizani ya tani kumi bila miwani,
nikashindwa kuzinyanyua.
Mlali si mbali, pikipiki inafika kabla ya chai kupoa.
Nje hakuna wingu; Agosti kwetu
kinachotanda angani ni vumbi.
Nikamwuliza: dada yako alisemaje?
Akaandika, akaandika. Skrini ikajaa.
Nilisoma mpaka jenereta ya jirani ikazimwa.

Asubuhi Ndahani kasimama, sindano mkononi,
gunia wazi mbele yake, hashoni.
"Karani, la leo umeshaweka?"

Nikamtazama. Tangu lini?

"Tangu lile la kwanza. Huwa nasoma ndipo nashona.
Tena yale yako nashona kwa mkono mlegevu,
asiye na kisu naye aweze kufungua."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno.
Kumbe ndipo walipopita fukusi.