Fundo

Mwezi wa kumi na moja Bukavu haina jua la kuanikia.
Mvua huingia asubuhi kama mpangaji mwenye ufunguo wake,
na kule Muhumba, barazani kwa Mama M'Cirhagane,
nepi za mapacha ziko kambani siku ya nne,
zinanuka uvundo.

Mashine ya kukaushia imekaa stoo,
mtumba wa Anvers, mlango umebonyea kidogo.
"Inazunguka," anasema, "lakini joto hakuna.
Inazunguka baridi tu, kama mgombea akishapata kura."

Nachomoa plagi. Naivuta, inakwaruza sakafu.
Kwanza napapasa bomba la nyuma. Bomba kwanza, siku zote:
watu hulaumu waya, kumbe mashine imekosa pumzi.
Mkono unazama hadi kiwiko, unatoka na manyoya ya nguo:
tabaka la buluu, sare za shule;
tabaka jekundu, kitenge kilichochuja (aliyekiweka anajijua);
juu kabisa jeupe, laini, la mapacha.
Ndani yake kifungo, sarafu ya Rwanda, jino la maziwa.
Jino nampa mama.
Analigeuza, analifunga kwenye pindo la kitenge, hasemi la nani.

Nikafungua mgongo. Skrubu nane; zilikuwepo saba.
Hapo nikaliona.

Pale inapokaa fyuzi ya joto,
kidude kile kinachokufa ili nyumba isife,
palikuwa na kipande cha waya wa shaba
kimepindwa mara tatu kulia, mara moja kushoto,
ncha imekunjwa ndani isichome kidole.

Mjini humu hakuna afungaye hivyo ila mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Fundi Byamungu alinituma peke yangu kwa mara ya kwanza,
kutoka Kadutu kwa miguu, begi begani.
Fyuzi hazikuwepo dukani, mvua ilikuwa hii hii,
na mwenye mashine aliitaka leo.
Nikairuka fyuzi kama mtoto anavyoruka mtaro,
nikapokea dola kumi,
nikanunua viatu.

Miaka saba. Bati nyuma ya fundo limekuwa kahawia,
katikati jeusi, upana wa kiganja cha mtoto.
Ng'ambo ya ukuta ule ndiko wanakolala mapacha.
Mwishowe waya wa joto wenyewe ndio uliokatika.
Ulikatika tu. Siwezi kusema ulituhurumia.

"Umeona nini?"
"Kuna mtu aliunganisha vibaya," nikasema.
Mtu. Neno pana hilo,
fundi mzima anajificha humo na begi lake.

Kesho yake nikavuka Ruzizi hadi Kamembe,
nikarudi na waya mpya na fyuzi mbili, moja ya akiba.
Nikalikata fundo. Nikafagia, nikafuta, nikafunga,
nikatia na skrubu ya nane.
Mita ikalia mlio mmoja mrefu: njia imekamilika.
Ila umeme ulikuwa umekatika tangu saa nne.

Tukasubiri. Akanimiminia chai.
Sukari ilikuwa upande wake wa meza, hakuisogeza.
"Yule mtu," akasema, akitazama nepi zikichuruzika,
"naye hakutia sukari."

Nikanywa. Chai ilikuwa moto mno, nikanywa hivyo hivyo.

Saa moja usiku mtaa mzima ukapiga kelele: Moto imekuja!
Pipa likaguna, likashika mwendo.
Nikatoka nje mvuani, nikaweka kiganja penye tundu la ukuta
hadi pumzi ilipotoka, vuguvugu, kisha ya moto,
ikinukia sabuni.

Ndani mashine ikajizima yenyewe, ikapumzika, ikawaka tena.
Hivyo ndivyo inavyotakiwa, nikamwambia. Isikuogopeshe.

Nikataja bei ya vipuri, na ya kazi kidogo.
Akahesabu noti taratibu chini ya taa,
akanipa zote mkononi,
kisha akachomoa kumi,
akazifunga pindoni, pale penye jino.

Nikasema asante.