Kata Iliyomruka

Chupa ya kwanza ilipasuka saa nane usiku,
bwenini Soweto, chini ya kitanda cha Namnyaki.
Ya pili ikajibu. Ya tatu haikungoja zamu.
Matroni akaja na tochi, kanga kaifunga mbiombio,
akanusa, akatutazama watano, akasema neno moja:
"Pombe."

Tukaapa si pombe.
Kwenye fomu ya Mwalimu Temba tuliandika
kwa herufi kubwa: KINYWAJI CHA ASILI, HAKINA KILEVI.
Lakini ulezi haujui kusoma.
Uliendelea na kazi yake gizani
kama ulivyofanya kabla hata chuo hakijajengwa.

Wiki ile tulikuwa tumepanda Kibosho
kwa mama Ndeanasia, muuza mbege.
Hakutupa hekima. Alitupa mwiko
na bei: elfu ishirini, chai mbali.
Ndizi ziive mpaka ganda lipige madoa,
zichemke mpaka maji yawe rangi ya tofali,
zichujwe. Ulezi uoteshwe, uanikwe, usagwe,
upikwe uji. Kisha gome la msesewa, kidogo tu,
chungu kama jina la mdai.
"Sasa iacheni ilale. Itaamka yenyewe."
Mbazi akauliza: "Na tukitaka isiamke?"
Mama yule akacheka hadi akashika mlango.
"Kumbe mnataka kuzaa mtoto asiyekua!"

Basi tukanunua kipimajoto.
Tukaichemsha mapema, tukaipoza kwenye beseni la barafu,
tukaionja kwa kijiko kimoja, tukizungushana:
uji wa mgonjwa.
Hakuna aliyesema kitu. Kundaeli alikwenda kunawa mikono
ambayo tayari ilikuwa safi.

Mbazi akarudi kutoka Same na mfuko wa ukwaju.
"Uchachu huu hapa, bila kungoja siku sita."
Aikande akakunja uso: "Ukwaju si wetu."
"Na mimi je," Mbazi akamwambia, "si wenu?"
Gesi ikawa inavuma peke yake.
Tukatia ukwaju.

Namnyaki hakuomba ruhusa ya mtu.
Alileta kibuyu toka Monduli, akawasha kijiti cha oloirien,
akakisugua kaa jekundu ndani kwa ndani
kama wanavyokiandaa kwao kwa ajili ya maziwa.
Moshi ukatoka mdomoni mwa kibuyu,
ukakaa kwenye nywele zetu hadi Jumapili.
Tulipoonja tena, Aikande alirudia mara tatu
kabla hajakubali kwamba anarudia.

Mwalimu Temba akauliza: "Mlengwa wenu ni nani?"
Nikaandika: vijana, miaka kumi na minane hadi thelathini na tano,
watalii, harusi, makanisa.
Sikumwandika baba.
Tangu Pasaka ile alipoapa mbele ya mama,
kata ikizunguka kihambani kwetu humruka.
Yeye huletewa Fanta, na mrija,
kama mtoto aliyetoka kupokea komunyo.
Huishika kwa vidole viwili.
Mazungumzo nayo humruka, polepole,
maana anayeshika kata ndiye mwenye zamu ya kusema.

Tulipata sitini na moja. "Mashapo mengi,"
kwa wino mwekundu, "na jina halijapatikana."
Ni kweli. Tuligombana majina kumi na manne
na chupa zikaenda kwenye maonyesho na karatasi tupu.

Desemba, mji ulipoanza kupanda mlima,
nilipanda na dumu la lita tano, nimelikumbatia
lisitikisike. Nikajaza kata ya babu, ile yenye ufa.
Baba mdogo akanywa. Shangazi akanywa.
Mkono wa shangazi ukaanza kumkwepa baba kwa mazoea,
nikasema, "Hiyo anaweza."

Akaipokea kwa mikono miwili.
Akanywa, akafuta sharubu kwa kiganja,
akaitazama ndani kata kwa muda mrefu.
"Ulezi huu," akasema, "mmenunua Mbuyuni?
Wamewaibia. Umechanganywa na mtama.
Mwaka ule sisi tulipolima kule chini..."

na kata ikakaa kwake,
na wote, hata baba mdogo, wakangoja.